Peni ya Fedha na Nguvu ya Mfalme

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Kamati imeniomba nizungumze nanyi jioni hii juu ya jambo la historia liwezalo kuwafaa watu wa kazi yetu. Nimechagua kitu kidogo sana kwa umbo. Waweza kukifunika kwa kidole gumba, na uzito wake ni kama gramu moja na nusu tu. Kitu hicho ni peni ya fedha ya Waanglo-Saksoni, yaani watu waliokaa Uingereza kabla ya nchi ile kutwaliwa na Wanormani mwaka 1066. Ingawa ni ndogo, ndani yake mna habari ya wafalme, ya vita, ya kodi, na zaidi ya yote, habari ya watumishi wa serikali. Ndiyo maana nimeona yafaa tuitazame pamoja.

Katika lugha yetu neno fedha lina maana mbili. Ni jina la madini meupe, na tena ni jina la mali yote ya kuhesabu. Mtu asemapo kwamba hana fedha, hakusudii kusema kwamba hana madini. Kwa Waanglo-Saksoni maana hizo mbili zilikuwa karibu kuwa moja, kwa sababu tangu mwaka 675 hivi hata mwisho wa utawala wao, sarafu zao karibu zote zilikuwa za fedha. Dhahabu ilionekana kwa nadra.

Basi na tuishike mkononi peni moja ya Mfalme Edgar, aliyetawala tangu mwaka 959 hata mwaka 975. Peni hii ni ya namna iliyoanza kufuliwa karibu na mwaka 973. Upande wa mbele pana kichwa cha mfalme, akitazama kushoto, na kuzunguka ukingoni pana maandishi ya Kilatini yenye maana ya kuwa huyu ni Edgar, Mfalme wa Waingereza. Geuza sasa upande wa pili. Katikati pana msalaba mdogo, na kuuzunguka pana majina mawili, la mtu na la mji. Mtu huyo si mwana wa mfalme wala askofu. Ni yule aliyepewa kazi ya kuifua sarafu hiyo, na mji ni ule alimofanyia kazi. Nawasihi mkumbuke upande huo wa pili, maana nitaurudia mara kwa mara.

Sasa tuangalie desturi hiyo ilitoka wapi. Utawala wa Warumi ulipokoma katika Uingereza, mwanzoni mwa karne ya tano, sarafu nazo zikakoma kutumika kwa muda mrefu. Katika karne ya saba zikaanza tena, kwanza vipande vidogo vya dhahabu, kisha vipande vidogo vinene vya fedha. Lakini vingi katika hivyo vya fedha havikuwa na jina la mfalme ye yote, isipokuwa kaskazini, katika Northumbria, na baadaye katika Anglia ya Mashariki. Vilikuwa na picha za ndege, za wanyama na za misalaba. Mtu aliyevipokea aliamini madini yenyewe, si neno la mtawala.

Aliyegeuza mambo ni Offa, mfalme wa Mercia, nchi iliyokuwa katikati ya Uingereza. Alitawala tangu mwaka 757 hata mwaka 796. Katika siku zake ilienea peni pana na nyembamba, yenye jina la mfalme upande mmoja na jina la mfuaji upande wa pili. Offa alijua sana faida ya jambo hilo. Wafalme wadogo wa Kent walikuwa wakifua peni zenye majina yao wenyewe, lakini Offa alipoitia nchi ile mkononi mwake, karibu na mwaka 785, majina yao yakatoweka katika sarafu. Hata Askofu Mkuu wa Canterbury, Jænberht, aliyekuwa na haki ya kufua sarafu, aliandika jina lake upande mmoja na jina la Offa upande wa pili. Mke wa Offa naye, Malkia Cynethryth, alifuliwa peni zenye jina lake, kwa mkono wa mfuaji aitwaye Eoba. Hakuna mke mwingine wa mfalme wa Waanglo-Saksoni ambaye tunazo sarafu zake.

Sarafu moja ya Offa yatuhusu sisi watu wa upande huu wa dunia kwa namna ya pekee. Ni dinari ya dhahabu, iliyo leo katika jumba la British Museum, London. Imenakiliwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur wa Baghdad ya mwaka 157 wa Hijra, yaani mwaka 773 au 774. Maandishi yake ni ya Kiarabu, na kati ya mistari yatajayo utume wa Mtume Muhammad limepenyezwa jina la Mfalme Offa kwa herufi za Kilatini, nalo limesimama kichwa chini. Aliyeinakili hakujua kusoma alichokinakili, maana alikosea baadhi ya herufi. Mtoto wa pwani yetu aliyepita chuoni angeona mara moja kwamba maneno ya mfalme na maneno ya sarafu hayaelekei upande mmoja. Lakini dhahabu ya Makhalifa ilikuwa ikijulikana na kukubaliwa mbali sana, na Offa, au watu wake, walitaka sehemu ya sifa hiyo. Kwa hiyo mapema kabisa twaona ya kuwa sarafu haiaminiwi kwa ajili ya madini peke yake. Huaminiwa pia kwa ajili ya sura ambayo watu wameizoea. Masultani wa Kilwa nao, walipofua sarafu zao za shaba zenye majina yao karne nyingi zilizopita, walilijua jambo hilo hilo.

Je, mfuaji aliishi namna gani chini ya nguvu hizo? Katika Anglia ya Mashariki alikuwako mfuaji jina lake Lul. Tunazo peni zake zenye jina la Offa, na tunazo peni zake zenye jina la Æthelberht, mfalme wa nchi ile. Mwaka 794, kwa mujibu wa kitabu cha tarehe cha Waanglo-Saksoni, Offa aliamuru Æthelberht akatwe kichwa. Peni za mfalme huyo zilizobaki ni chache mno. Offa mwenyewe alipofariki mwaka 796, watu wa Kent waliasi, na wafuaji waliokuwa wakiandika jina la Offa wakaandika jina la Eadberht Præn, mfalme mpya. Miaka miwili baadaye mfalme huyo alishikwa na Coenwulf wa Mercia, na jina likabadilika tena. Nyundo ilikuwa ile ile, na fedha ile ile, ila jina tu ndilo lililogeuka. Mtumishi aliyeamka asubuhi ilimpasa kwanza kujua ni nani mwenye nchi.

Katika karne ya tisa ikaja hatari ya namna nyingine. Wadenmark walikuja kwa merikebu wakateka nchi nyingi, na wafalme wakahitaji mali upesi. Njia iliyokuwa rahisi ilikuwa kuchanganya fedha na shaba, ili madini machache yatoe peni nyingi. Kufika miaka ya 870 na kidogo, peni za Wessex na Mercia zilikuwa zimeharibika kiasi cha kwamba nyingine hazikuwa na fedha hata robo. Sura ya mfalme ilikuwapo na jina lilikuwapo, lakini mnunuzi hakupewa kile alichoahidiwa. Aliyeirudisha fedha safi ni Mfalme Alfred wa Wessex, karibu na mwaka 875, akishirikiana na Ceolwulf wa Pili, mfalme wa Mercia.

Na hapa, ndugu zangu, sarafu yaweza kuitwa shahidi barazani. Kitabu cha tarehe, kilichotungwa katika siku za Alfred, chamtaja Ceolwulf kwa dharau, kana kwamba alikuwa mtumishi mpumbavu aliyewekwa na Wadenmark tu. Lakini mwaka 2015 ilifukuliwa akiba ya fedha karibu na Watlington, katika Oxfordshire, yenye sarafu kama 200. Kati yake zilikuwamo zaidi ya kumi za namna ambayo kabla ya hapo zilijulikana mbili tu. Zina picha ya watawala wawili wameketi bega kwa bega, na juu yao kiumbe mwenye mabawa, iliyoigwa kutoka sarafu ya zamani ya Warumi. Nyingine zilitolewa kwa jina la Alfred, nyingine kwa jina la Ceolwulf. Basi wafalme hao walikuwa wamepatana, tena waliushirikiana mpango mmoja wa sarafu. Waandishi walioandika baadaye walimfuta Ceolwulf katika heshima, lakini hawakuweza kuzifuta peni zilizolala udongoni. Sisi tuandikao majalada twajua ya kuwa barua moja iliyosahauliwa katika faili la zamani yaweza kusema kweli kuliko taarifa kumi zilizopambwa.

Mjukuu wa Alfred, Mfalme Æthelstan, aliyetawala hata mwaka 939, ndiye aliyeiweka kazi hii katika sheria iliyo wazi. Katika baraza lililokutana Grately aliamuru kwamba pawe na sarafu ya namna moja katika milki yote ya mfalme, na kwamba mtu ye yote asifue sarafu nje ya mji. Sheria yenyewe yataja idadi ya wafuaji. Canterbury walikuwa saba, yaani wanne wa mfalme, wawili wa askofu mkuu, na mmoja wa mkuu wa watawa. London wanane, Winchester sita, Rochester watatu, na miji mingine midogo mmoja mmoja. Naye Æthelstan, katika peni zake, hakujiita tena mfalme wa Wessex tu, bali mfalme wa Britania yote.

Ili mpate kuona kazi yenyewe, fikirini karakana ndogo yenye moto na mivukuto. Fedha iliyeyushwa na kusafishwa, ikafuliwa kuwa bamba jembamba, kisha ikakatwa vipande vya mviringo na kupimwa katika mizani. Palikuwa na vyuma viwili vilivyochongwa chapa. Cha chini kilikuwa na ncha iliyopigiliwa katika gogo la mti, na cha juu kilishikwa kwa mkono. Kipande cha fedha kiliwekwa katikati, ikapigwa nyundo, na mara moja mfalme na mfuaji wakatokea pande mbili za kitu kimoja. Aliyetaka nusu peni, au robo, aliikata peni kwa kufuata mistari ya msalaba, iwapo ilikuwa ya namna yenye msalaba mrefu.

Thamani ya peni haikuwa ndogo kama ilivyokuwa peni ya siku za karibu. Sheria za London katika siku za Æthelstan zaweka bei ya ng'ombe jike kuwa peni 20, ya maksai peni 30, na ya nguruwe peni 10. Peni 240 zilikuwa pauni moja, yaani ratili moja ya fedha kwa hesabu, na hesabu hiyo ilidumu Uingereza hata tarehe 15 Februari, 1971. Shilingi hapo haikuwa sarafu, bali jina la hesabu tu. Katika Wessex ilikuwa peni tano, katika Mercia peni nne, na ile ya peni 12 ilithibitika baada ya kuja kwa Wanormani. Jina hilo la kale ndilo lililofika Afrika ya Mashariki mwaka 1921, ilipotolewa shilingi yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na simba upande wa pili, shilingi 20 kwa pauni. Nalo lingali likitumika katika Kenya, Tanzania na Uganda, ingawa wengi waitamkao hawajui ya kuwa ni neno la Waanglo-Saksoni.

Sasa nije kwenye adhabu. Sheria ya Æthelstan yasema ya kuwa mfuaji akionekana na hatia ya kughushi, mkono wake aliotendea uovu ukatwe, ukatundikwe juu ya karakana yake. Akitaka kujisafisha, ilimpasa kushika chuma cha moto. Mfalme Knut, aliyetawala tangu mwaka 1016 hata mwaka 1035, alikaza zaidi. Mkono huo haukuweza kukombolewa kwa dhahabu wala fedha. Tena akaongeza neno ambalo, kwa maoni yangu, lina hekima kubwa. Ikiwa mfuaji alidai kwamba alifanya uovu kwa ruhusa ya liwali wa mfalme aliyekuwa juu yake, basi liwali naye alipaswa kujisafisha kwa jaribio lililo zito mara tatu, na akishindwa, adhabu yake ilikuwa ile ile. Hatuwezi kusifu ukatili wa adhabu hiyo. Lakini na tutazame kanuni yake. Aliyetoa ruhusa kwa kinywa akiwa katika kiti cha juu hakuweza kumwachia mzigo wote yule aliyeshika nyundo.

Ndiyo sababu jina la mfuaji liliandikwa. Halikuandikwa kumtukuza. Liliandikwa ili peni ikionekana nyepesi au chafu katika soko lo lote, ijulikane imetoka mkononi mwa nani na katika mji gani. Ni kama sahihi yetu chini ya stakabadhi. Karani hufurahi kuona jina lake katika karatasi siku ya kwanza ya kazi, lakini siku ya mkaguzi wa hesabu ndipo afahamupo maana yake. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na peni ya Waanglo-Saksoni ilibeba daftari lake mgongoni.

Nimesema kwamba Edgar alitengeneza sarafu upya karibu na mwaka 973. Tangu hapo namna ilikuwa moja katika nchi yote, toka York hata Exeter. Chapa za chuma zilichongwa mahali maalumu, na wafuaji wakazifuata huko na kuzilipia. Baada ya miaka michache, namna ile ilifutwa ikatolewa nyingine, na watu wakatakiwa kuleta peni za zamani wabadilishiwe. Hapo kwanza mabadiliko yalikuwa kama kila miaka sita, na baadaye kama kila miaka miwili au mitatu. Katika akiba nyingi zilizofukuliwa Uingereza za wakati huo, kwa kawaida hukuta namna moja au mbili tu, ishara ya kuwa amri ilitiiwa. Si wafalme wengi wa Ulaya ya siku zile walioweza kuamuru jambo la namna hiyo na likatendeka katika miji 60 na zaidi.

Lakini amri hiyo ilikuwa na gharama, na gharama haikumwangukia mfalme. Kitabu cha hesabu kubwa ya nchi, Domesday, kilichoandikwa mwaka 1086, chasimulia desturi ya siku za Mfalme Edward kabla ya Wanormani. Wafuaji wa Worcester, sarafu ilipobadilishwa, kila mmoja alilipa shilingi 20 huko London kwa kupokea chapa mpya. Wale wa Hereford walilipa shilingi 18 kwa chapa, na tena shilingi 20 baada ya mwezi mmoja. Je, mfuaji alizipata wapi? Alizipata kwa yule mkulima aliyeleta peni zake za zamani akarudishiwa pungufu. Mtu yule hakuwa ameomba peni mpya. Zile alizokuwa nazo zilikuwa safi. Aliambiwa tu kwamba uso wa mfalme umebadilika. Yampasa mtumishi wa serikali aliyekaa nyuma ya meza kukumbuka kwamba fomu mpya, kibali kipya, na mhuri mpya, huwa ni siku ya kazi iliyopotea kwa mtu aliyekaa mbele ya meza.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague habari hii. Mwana wa Edgar, Mfalme Æthelred wa Pili, alitawala tangu mwaka 978, na ukiondoa muda mfupi wa uhamisho, hata mwaka 1016. Sarafu zake ni kati ya zilizotengenezwa vizuri kuliko nyingi za Ulaya ya wakati wake. Wafuaji walikuwa wengi, hesabu ilikwenda sawasawa, chapa zilibadilishwa kwa utaratibu. Ukitazama peni peke yake, utasema huyu alikuwa mfalme mwenye nguvu kupita baba zake. Lakini nchi yake ilikuwa ikiteketea. Mwaka 991, baada ya watu wake kushindwa Maldon, aliwapa Wadenmark pauni 10,000 ili waondoke. Walirudi. Mwaka 994 wakapewa 16,000, na mwaka 1002 wakapewa 24,000. Hizo ni hesabu za kitabu cha tarehe.

Na tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Pauni 10,000 ni peni 2,400,000. Tukikadiria kila peni gramu moja na nusu, ni kilo 3,600 za fedha, yaani mizigo ya wapagazi 120, kila mmoja akichukua kilo 30. Nayo ilikuwa mara ya kwanza tu! Mwaka 1018, chini ya Knut, nchi ilitozwa pauni 72,000, mbali na zile walizotozwa watu wa London peke yao. Peni nyingi za Æthelred zimefukuliwa katika nchi za Skandinavia, zaidi ya zilizopatikana Uingereza kwenyewe. Uso wa mfalme ulisafiri mahali ambapo amri yake haikufika.

Mwaka 1009 jeshi kubwa lilikuja tena. Mfalme na baraza lake walitoa amri kwamba watu wote wafunge siku tatu kwa mkate, mboga na maji, na waende kanisani miguu mitupu. Ndipo ilipofuliwa peni isiyo na mfano. Kichwa cha mfalme kiliondolewa kabisa. Upande mmoja palikuwa na Mwana-Kondoo wa Mungu, na upande wa pili njiwa. Zilizobaki ni chache sana, na baadhi zimetobolewa tundu, zikavaliwa shingoni kama hirizi na watu wa nchi zile zile zilizoleta vita. Mfalme alikiri kwa sarafu yake ya kwamba sura yake haikutosha tena kuwalinda watu.

Ndugu zangu, fikirini watumishi wa wakati ule. Sioni ya kuwa walikuwa wavivu. Walikusanya kodi, walipima fedha, waliandika majina yao, na hapana senti iliyopotea njiani bila kuulizwa. Lakini kazi ile njema ilikuwa mfereji tu ambao mali ya mkulima ilipita kwenda kwa adui. Kadiri mfereji ulivyokuwa mzuri, ndivyo mali ilivyotoka upesi. Wako wasemao kwamba mtumishi akitimiza wajibu wake kwa uaminifu, basi amemaliza. Mimi nasema amemaliza nusu. Upande mmoja wa peni ni uaminifu wa mtumishi, na upande wa pili ni ulinzi ambao mtawala aliwaahidi watu alipochukua fedha yao. Peni yenye upande mmoja tu si peni.

Tena kuna jambo la kutufariji. Æthelred alikwenda, Knut akaja. Watoto wa Knut wakapita, Edward akaja. Mwaka 1066 Harold alitawala miezi tisa tu, kisha akauawa Hastings tarehe 14 Oktoba. Hata katika miezi ile tisa ya hofu, peni zilitolewa kwa jina lake katika miji mingi, na upande wa pili zikaandikwa neno moja la Kilatini lenye maana ya Amani. William Mnormani, aliyeishika nchi kwa upanga, aligeuza karibu kila kitu. Aliwaondoa mabwana wa ardhi na maaskofu, akaleta watu wake. Lakini kazi ya sarafu hakuigeuza. Aliiacha jinsi alivyoikuta, na wafuaji wengi wenye majina ya Kiingereza wakaendelea na nyundo zao, sura mpya upande mmoja, majina yao ya zamani upande wa pili. Mshindi alijua ya kuwa upanga huweza kutwaa nchi kwa siku moja, lakini hauwezi kufua peni moja ambayo mwenye duka ataipokea bila kuiuma meno.

Na uaminifu ukikosekana, mambo huenda hivi. Mwaka 1124, katika utawala wa Henry wa Kwanza, mwana wa William, peni ziliharibika hata kitabu cha tarehe kikasema kwamba aliyekwenda sokoni na pauni nzima hakuweza kupata vitu vya peni 12. Krismasi ya mwaka huo wafuaji wa Uingereza waliitwa Winchester, na wengi wao wakakatwa mkono wa kuume. Sheria ya Æthelstan ilikuwa ingali hai, na majina yaliyoandikwa upande wa pili yalisomwa.

Bwana Mwenyekiti, nafupisha. Nadhani peni hii yatufundisha mambo matatu. La kwanza, nguvu ya mtawala haimo katika sura yake, bali katika watu kuikubali sura hiyo sokoni wakati askari hayupo. La pili, kukubaliwa huko hutengenezwa kila siku na watu wadogo wenye mizani na daftari, na kila mmoja hana budi kuwa tayari kutia jina lake katika kazi yake. La tatu, mtumishi mwaminifu ana haki, tena ana wajibu, kuuliza kwa adabu kazi yake yamfaa nani. Chama chetu hakikuundwa kwa ajili ya mishahara na likizo tu. Kimeundwa pia ili swali hilo, likiulizwa, lisiulizwe na mtu mmoja peke yake gizani.

 Mwenye swali na aulize, na aliye na hoja ya kunipinga ndiye nitakayefurahi kumsikia kwanza.